Namba ya Kuchelewa

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu

Kwa mwanangu wa kwanza. Pokea salamu zangu mimi mama yako, mzima wa mwili, ila macho ndiyo yanadai miwani mipya. Baba yako anakusalimu, goti lake ni lile lile, asubuhi linakataa, mchana linakubali. Mdogo wako anakusalimu sana na anasema usisahau kufunga neti. Mume wake, mkwe wetu, anakusalimu shemeji yake. Bado wanakaa hapa kwetu tangu kampuni ya mabasi aliyokuwa dereva wake ilipofungwa, na sasa anajifunza ufundi wa friji kwa video za intaneti. Mjukuu wangu anamsalimu mjomba na anataka kujua kama huko kuna twiga. Tunamwita Kasuku siku hizi, kwa sababu lolote likisemwa humu ndani analipeleka kwa mwenyewe kama lilivyo, bila kupunguza. Hata paka wa jirani anakusalimu, amehamia kwetu kwa dirisha la jikoni lisilofungika.

Ulisema simu huko kambini kwenu inashika siku moja kwa wiki, tena kwa kubahatisha, ukaniambia, "Mama, nunua daftari, andika kila siku, hata madogo, dereva wa lori la mahitaji ataniletea mvua zikiisha." Nimenunua la kurasa mia mbili. Unajua mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zitakaa zinavyotaka.

Habari kubwa ya leo: mdogo wako ameanza kazi. Ni ukalimani. Daktari yuko mji mwingine, mgonjwa hajui lugha ya daktari, na mdogo wako yuko kwenye chumba chako cha zamani amevaa hedifoni, anapokea maneno ya huyu anampa yule. Kila siku ya kazi, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili. Wamempa muda wa majaribio hadi tarehe 26 mwezi wa nne. Sharti lao ni moja, sauti isichelewe. Pembeni ya kompyuta yake kuna namba, inaonyesha sauti inachelewa kiasi gani kwenda na kurudi. Chini ya 150 ni sawa. Ikipita hapo daktari na mgonjwa wanaanza kugongana maneno. Onyo la kwanza, la pili, na la tatu ni kwaheri.

Leo namba ilikuwa 47. Nimeiona kwa macho yangu mlangoni.

Jumanne, tarehe 5

Namba 46. Kasuku ana mafua.

Jumatano, tarehe 6

Mvua imeanza saa saba, kubwa, ya upepo. Saa nane na nusu nikamsikia mdogo wako anasema "Haloo? Daktari, unanisikia?" kama mtu aliyetumbukia kisimani. Namba ilikuwa 310, ikaruka 700. Nikainua simu ya mezani, maana waya wa intaneti na wa simu ya mezani ni ule ule mmoja. Ilikuwa inakaanga kama kikaango cha mafuta. Baba yako akaja akaipiga modemu makofi mawili anavyopigaga redio. Haikusaidia.

Alhamisi, tarehe 7

Nimepiga ofisi ya simu. Kijana wa mapokezi ana adabu ila anasoma kwenye karatasi, nilisikia anavyopumua kwenye mikato. Akasema, "Mama, zima modemu, hesabu hadi thelathini, washa." Nikafanya. Akauliza, "Kuna kitu kimefunika modemu?" Nikasema hakuna. Mkwe wetu alikuwa amesimama pale, akasema taratibu, "Mama, kitambaa." Kweli, kile cheupe nilichofuma mwenyewe, nilikuwa nimeivisha kama nilivyoivisha televisheni na redio. Sikukihesabu kuwa ni kitu. Nikakitoa. Modemu ilikuwa ya moto kama sufuria. Namba ikashuka kidogo, 260, kisha mvua ikarudi na yenyewe ikarudi juu.

Ijumaa, tarehe 8

Jua kutwa. Namba 52. Nimefua mapazia.

Jumatatu, tarehe 11

Mvua. Namba 640. Nimepiga ofisi tena, safari hii dada mmoja mkali. Akasema hawawezi kutuma fundi bila ushahidi, laini yetu kwao inaonekana nzima. "Andikeni tarehe, saa na namba. Taa za modemu mzirekodi kwa simu, tuone zinavyozimika." Nikamwambia hapo umenipata, daftari ninalo, na simu mwanangu alininunulia.

Basi saa nane nikasimama mbele ya modemu na simu yangu mkononi, nikarekodi dakika ishirini. Taa ya pili inakuwa ya kijani, inazima, inakuwa nyekundu, inarudi. Mkono umekufa ganzi lakini ushahidi upo.

Jumanne, tarehe 12

Mvua. 580. Nimerekodi dakika ishirini na tano, nimeegemeza kiwiko kwenye kabati.

Alhamisi, tarehe 14

Leo sina raha hata kidogo, nitaandika ndefu.

Saa tisa alikuja mgonjwa, mwanamke aliyekuwa anaandaliwa upasuaji. Daktari akauliza kama kuna dawa inayomdhuru. Mdogo wako akapeleka swali. Jibu likachelewa njiani. Daktari akaona kimya, akauliza swali la pili, kama amewahi kuzimia. Ndipo jibu la lile la kwanza likafika: "Ndiyo." Daktari akaandika amewahi kuzimia, na dawa akaacha wazi. Mdogo wako akashtuka, akasema, "Daktari, ngoja, hiyo ndiyo ni ya dawa!" Na hilo nalo likachelewa, likaingia juu ya sauti ya daktari. Wakarudia maswali yote tangu mwanzo. Mgonjwa hakudhurika, mshukuru Mungu, lakini daktari aliandika malalamiko, na saa kumi na moja likaja onyo la kwanza.

Nimemkuta ameweka hedifoni mapajani. Nikamwambia, "Mwanangu, kosa siyo lako, ni la waya." Akasema, "Mama, mgonjwa kule hajui kama kuna waya. Anajua sauti yangu tu."

Nimeshindwa kula. Baba yako amekula cha kwangu pia, kwa huzuni anasema.

Jumatano, tarehe 20

Fundi wa laini amekuja! Nilitegemea mwanaume, akashuka mwanamke wa makamo, buti hadi magotini, ngazi begani. Baba yako akaharakisha kumpokea ngazi. Akamwambia, "Mzee, kaa, goti lako nimeliona tangu getini."

Aliangalia kila kitu kwa mpangilio. Alichomoa simu ya mezani, akaangalia kichujio kidogo kinachotenganisha sauti na intaneti, akasema ni kizima. Akatoka nje, akapanda ngazi hadi pale waya unapoingia ukutani, akafungua kiboksi. Akaniita nichungulie. Ndani maji yametuama, na nyaya mbili zimefungwa pamoja kwa karatasi ya nailoni na kutu ya kijani juu yake. "Mama, nani alifunga hivi?" Nikasema mafundi wenu wa miaka ile. Akacheka. Akakata, akaunga upya, akapaka kitu kama mafuta mazito, akafunga kiboksi kipya. Nikainua simu ya mezani, kimya kama msikiti. Namba ikawa 44 mvua ikinyesha.

Nimempikia chai ya maziwa. Akaacha namba yake kwa karatasi, akasema, "Endelea kuandika, Mama. Watu wengi wananiambia inasumbua, hawajui lini."

Alhamisi, tarehe 21

Sielewi. Simu ya mezani haikaangi tena, taa zote za kijani, lakini saa nane na robo namba 280. Nimerekodi nusu saa nzima, nisije nikaambiwa sina ushahidi.

Ijumaa, tarehe 22

Asubuhi simu yangu iliniponyoka nikiwa nafanya mazoezi ya kuishika wima, kioo kikapasuka. Baba yako ameipeleka kwa fundi wa vioo, itakaa mpaka kesho. Mkwe ameenda kuulizia kazi, ametoka tangu asubuhi karudi jioni. Namba 44 kutwa. Mdogo wako aliimba akitoka chumbani.

Jumatatu, tarehe 25

Simu imerudi ina kioo kipya kizuri. Namba 390. Nimerekodi dakika arobaini.

Jumanne, tarehe 26

410. Nimerekodi.

Jumatano, tarehe 27

Mwanangu, nitakuambia jambo ila usilipeleke mbele. Nimeanza kumwangalia mkwe. Mdogo wako akiingia chumba cha kazi, yeye anaingia chumba chao, anafunga mlango, na yeye ana hedifoni zake. Leo nilipita na ndoo nikasikia anacheka. Friji zinachekesha? Ijumaa hakuwepo nyumbani, namba ikawa nzuri. Leo yupo, 370. Mimi siyo msomi lakini hesabu hiyo siyo ya kidato.

Alhamisi, tarehe 28

Nimemwambia baba yako. Akasema, "Muulize." Nikasema mama mkwe hamuulizi mkwe kitu kama hicho, ni kumvunjia heshima. Akasema, "Basi mwache." Na hilo pia siwezi. 330.

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa nne

Tulikuwa msibani kwa yule mwalimu mzee aliyekufundisha hesabu. Tulienda mimi na mkwe, alinibebea mkoba njia nzima na kunishikia mwavuli, mwenyewe akalowa. Njia ya kurudi nikaona aibu kwa mawazo yangu. Tumefika saa kumi na mbili na nusu, mdogo wako anatupokea mlangoni, "Leo 41, Mama! Kutwa!"

Aibu ikaisha. Si unaona? Hakuwepo.

Jumanne, tarehe 2

Yupo. 450. Nimerekodi saa nzima, nimekalia kigoda.

Jumatano, tarehe 3

Onyo la pili.

Mama mmoja alikuwa anaelezwa jinsi ya kumpa mtoto dawa, na idadi ya vijiko ikachelewa kufika, akasikia vitatu, kumbe ni jibu la swali lingine. Mdogo wako alisahihisha mara moja. Lakini wakubwa wake wamesema hawapimi nia, wanapima namba. Imebaki moja tu, na siku zenyewe ishirini na tatu.

Jioni jikoni nikashindwa kujizuia. Nikamwambia baba yako, nakata vitunguu, "Huyu mkwe anakula intaneti yote ya mke wake. Mtu mzima, kazi hana, na ya mwenzake anaimaliza." Vitunguu vikanitoa machozi na hasira ikanitoa mengine. Kasuku alikuwa chini ya meza na paka. Sikumwona.

Ijumaa, tarehe 5

Kasuku amefikisha.

Tulikuwa mezani sote. Mkwe akamwambia mwanawe, "Kula mboga." Na yeye, kwa sauti yangu hasa, mpaka mkono kiunoni: "Baba, wewe mtu mzima, kazi huna, na intaneti ya mwenzako unaimaliza."

Hakuna aliyetafuna. Mdogo wako akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia chumvi. Baba yako akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwepo.

Mkwe akaweka kijiko chini, taratibu. Akasema, "Mama, samahani kama nimekuwa mzigo." Alimaliza mboga zake zote, akaosha sahani yake, akaingia ndani. Alitoka na begi. Nikawasikia barazani, mdogo wako anasema, "Unaenda wapi na mvua hii?" Naye, "Kwa kaka. Fanya kazi yako, tarehe 26 tutaongea." Kasuku akauliza kama baba anaenda kwa mjomba kuona twiga.

Jumamosi, tarehe 6

Kitanda chao kina mito miwili, mmoja haujalaliwa.

Jumatatu, tarehe 8

Namba 520.

Mkwe hayupo. Chumba chao kimefungwa, nimegusa kitasa mwenyewe. 520. Nimerekodi saa nzima nisiamini. Nimemaliza kurekodi, nikaenda kukaa bafuni juu ya ndoo, nikalia kidogo.

Jumanne, tarehe 9

Homa. Baba yako ameninyang'anya simu, ameizima, ameiweka juu ya kabati. "Hizo taa zitawaka bila wewe." Naandika nimelala.

Jumatano, tarehe 10

Bado homa. Mdogo wako ameniletea uji, anasema jana na leo 43. Hakukaa. Tangu Ijumaa anaongea na mimi maneno ya lazima tu, uji, dawa, dirisha.

Alhamisi, tarehe 11

Nimeinuka. Nimewasha simu. 350. Nimerekodi dakika kumi tu, miguu haina nguvu.

Ijumaa, tarehe 12

Nimetafuta ile karatasi nikampigia fundi mwenyewe, bila kupitia ofisi. Nikamwambia, "Binti yangu, zimebaki siku kumi na nne." Akasema Jumatatu.

Jumatatu, tarehe 15

Fundi amekuja saa saba na nusu, kabla mdogo wako hajaanza. Akaangalia kiboksi cha ukutani, kikavu. Akachomeka kifaa chake, akasema waya wetu sasa ni mzuri kuliko wa ofisini kwao. Kisha akakaa mezani, akasema, "Lete daftari."

Nikafungua mwezi wa tatu tarehe 6, nikaanza, "Mvua kubwa, mia tatu na..."

"Hapana, Mama. Siku mbaya kila nyumba wananisomea. Nisomee siku nzuri. Baada ya mimi kuja ile mara ya kwanza."

Nikafunua. "Tarehe 22. Arobaini na nne kutwa."

"Siku hiyo nini hakikuwepo humu ndani?"

"Mkwe wangu hakuwepo."

"Na nini kingine?"

Nikasoma mstari wa juu. "Simu yangu. Ilikuwa kwa fundi wa vioo."

"Endelea."

"Tarehe moja mwezi wa nne. Arobaini na moja. Tulikuwa msibani mimi na mkwe."

"Na simu?"

"Kwenye mkoba."

"Nyingine."

"Tarehe 9 na 10. Nilikuwa na homa. Mzee aliizima simu."

"Na mkwe?"

Mwanangu, nilisoma mstari ule mara mbili bila kutoa sauti. "Mkwe alishaondoka."

Fundi alinyoosha mkono tu, nikaitoa simu mfukoni mwa aproni. Ilikuwa ya moto. Sasa ndiyo nakumbuka ilikuwa ya moto kila siku, nikadhani ni joto la jiko. Akabonyeza hapa na pale, akanionyesha. Unakumbuka likizo yako ya mwisho uliniwekea kwamba kila picha nikipiga iende yenyewe kuhifadhiwa kwenye mtandao, na wewe uione huko? Nilidhani zinakwenda pale unapozifungua. Kumbe zinakwenda kwa intaneti ya nyumbani, zenyewe, bila kubisha hodi. Picha moja ya Kasuku siyo neno. Lakini video zangu za taa, za nusu saa, za saa nzima, zilikuwa zimepanga foleni. Ilikuwa imeandikwa pale, zilizobaki tano.

Fundi akanieleza vizuri, sikuona kama ananidharau. "Laini ya hivi ina milango miwili. Wa kushuka ni mpana, wa kupanda ni mwembamba sana. Sauti ya binti yako inapanda kwa huo mwembamba. Sasa wewe unapitisha kabati pale pale, kabati baada ya kabati. Sauti haipotei, inasimama nyuma ya kabati inasubiri."

"Na mwanzo, kabla sijarekodi?"

"Mwanzo ulikuwa waya, kweli. Nilipoponya waya, wewe ulikuwa umeshaanza."

Baba yako, kwenye kiti chake, akasema, "Kumbe mwizi alikuwa anajirekodi."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilicheka, nisikufiche, kisha nikakumbuka begi la mkwe linavyotoka mlangoni, kicheko kikakauka. Fundi akazima kile kitu kwenye simu, akasimama nyuma ya mdogo wako saa nane kamili. 49. Saa tisa, 45. Saa kumi, 47. Mvua inanyesha kama imetumwa, na namba haitikisiki.

Jumanne, tarehe 16

Nimemwambia mdogo wako mwenyewe, kabla baba yake hajafanya mzaha. Alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mama, Kasuku ameuliza baba yake siku kumi na moja." Akaendelea kukunja. Zote za mumewe, alizokuwa ameshazikunja jana.

46.

Alhamisi, tarehe 18

45. Hajanisemesha bado. Nimepika anachopenda, akala, akasema asante kwa sahani.

Jumamosi, tarehe 20

Leo nimekwenda kwa kaka yake mkwe. Baba yako alitaka nimtume yeye, nikakataa, nilisema kwa mdomo wangu na nitarudisha kwa mdomo wangu. Njiani nilipanga maneno, nikafika yote yamemwagika.

Nilimkuta uani, mikono ina grisi, friji ya mtu imelazwa mbele yake, mgongo wazi. Akainuka haraka. "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kaa. Hapana, mimi ndiye nitasimama."

"Mama, kuna kigoda."

"Sikai mpaka niseme." Nikasema yote, waya, simu, kabati, vitunguu. Nikasema, "Nilikuhukumu jikoni, na wewe uko chumbani na masomo yako."

Akafuta mikono muda mrefu kuliko grisi yenyewe. Akasema, "Mama, mimi nilijua siyo mimi. Tangu wiki ya pili video za masomo nazipakua maktaba asubuhi. Mchana chumbani nilikuwa naangalia zilizokwisha kuingia kwenye simu. Hata waifai nilikuwa nimeizima."

"Na mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, Mama. Ungeniuliza ningekuonyesha simu hapo hapo. Lililoniuma siyo intaneti. Ni kwamba mwanangu alijua hukumu kabla mimi sijajua kesi."

Nikasema, "Basi leo nakuuliza. Utarudi?"

Akaangalia ile friji. "Nikiondoka sasa hii itakufa, nimeshaipasua. Na nimemwambia mwenzangu tarehe 26. Nisije nikarudi leo, namba ikaruka kesho, tukaanza tena."

"Haitaruka."

"Mama," akasema, na hapo ndipo alicheka kidogo, "nani anajua utarekodi nini tena?"

Nikakaa kwenye kigoda. Tukanywa maji. Kwenye kona ya friji ile alinionyesha tundu dogo kama la sindano, alilolitafuta siku mbili. Mikono yake inafanya kazi taratibu, haina papara. Sikuwahi kuiangalia.

Jumatatu, tarehe 22

44. Mdogo wako ameniuliza kama mumewe amekonda. Nimesema kidogo. Amesema, "Utanisindikiza sokoni?"

Jumanne, tarehe 23

48. Mvua zinapungua.

Jumatano, tarehe 24

Umeme ulikatika dakika tano saa tisa. Sote tulisimama kama tumepigwa picha. Daktari akasubiri laini irudi, akasema "hakuna shida." 47.

Alhamisi, tarehe 25

46. Nimepiga pasi blauzi ya mdogo wako ingawa kesho watampigia kwa sauti tu.

Ijumaa, tarehe 26

Wamepiga saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa jikoni, nimezima jiko ili nisikie. Maneno yao sikuyasikia, nilisikia ya mdogo wako tu: "Ndiyo. Ndiyo, naelewa. Maonyo mawili, ndiyo." Kimya. Kimya kirefu mpaka nikadhani ni ile namba. Kisha, "Nashukuru sana."

Alitoka akasema wamepima wiki mbili za mwisho, na katika wakalimani wote walioanza naye hakuna mwenye laini iliyotulia kama yake. Maonyo yanabaki kwenye faili, lakini wanampa mkataba wa mwaka. Baba yako alisimama bila kushika kiti. Mdogo wako akaniegemea begani, mzito, kama alipokuwa mdogo akitoka shule.

Mkwe amekuja saa kumi na mbili na nusu, begi mkononi. Kasuku alimpokea getini akampa taarifa zote za nyumba tangu tarehe 5. Zote. Nilikuwa barazani nasikia, nikaacha zifike.

Jumamosi, tarehe 27

Sasa nisikilize, hili ndilo kubwa.

Jana jioni mkataba umeingia, na ndani yake kuna sharti ambalo hakuna aliyelijua. Laini ya kazi lazima iwe kwa jina la mdogo wako mwenyewe. Tumekwenda ofisi ya simu leo asubuhi, wakafungua kompyuta, laini ni ya jina lako, tangu ulipoivuta miaka ile. Wanasema bila saini ya mwenye laini hawahamishi, na saini iwe ya wino, siyo ya picha. Mkataba unafungwa tarehe 10 mwezi wa tano. Ukipita hapo nafasi anapewa anayefuata.

Karatasi ya kuhamisha laini nimeibana katikati ya kurasa hizi mbili. Pa kusaini nimeweka alama ya msalaba kwa penseli, ni pawili, mbele na nyuma. Kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye jalada kwa sababu nakujua. Dereva anaondoka Jumatatu alfajiri, anafika kwenu Alhamisi, anasema lori linapakuliwa kwa muda wa saa mbili tu kisha anageuza. Hakai. Nimemwomba akutafute wewe kwanza kabla ya mzigo, ameahidi.

Picha hazitakuja tena zenyewe, mwanangu, nimezima. Mkwe anasema tuwe tunazituma Jumapili, mdogo wako akiwa hayuko kazini, na atanifundisha. Kama hilo halikutoshi, niandikie pia.

Kwenye jalada la nje nimeandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: ANZIA MWISHO. Kama umetii, basi maneno haya ndiyo ya kwanza unayoyasoma na hujui bado ninazungumzia nini. Haidhuru. Saini, mbele na nyuma, mpe dereva mkononi, na umwandikie mdogo wako hata mstari mmoja kwamba umepata. Mengine utasoma lori likishaondoka. Fanya haraka, tunakungoja sote.